Mshale mmoja sio miwili

Kwenye jedwali la ukweli la "ikiwa p basi q" kuna mstari mmoja ambao wanafunzi wa fomu faivu wakiufikia lazima mmoja anyooshe mkono, na mi huwa nafurahi sana akinyoosha, maana darasa likipita pale kimya ujue wamekariri. Nafundisha tuisheni ya Advansi hapa Moshi, jioni jioni watoto wakishatoka shule, na topiki ya lojiki inakuja mapema kwenye silabasi. Wengine ndo kwanza wametoka fomu foo, hesabu kwao ni kutafuta x, hawajawahi kuulizwa sentensi yenye "ikiwa" inaahidi nini hasa na haiahidi nini.

Mstari wenyewe ni wa tatu. Unachukua kauli mbili, p na q, halafu kwa kila namna zinavyoweza kuwa kweli au uongo unajaza kama "ikiwa p basi q" nzima ni kweli au uongo. p kweli, q kweli, jibu kweli. p kweli, q uongo, jibu uongo. Mpaka hapo hamna ugomvi. Kisha p uongo, q kweli, jibu kweli. Na wa mwisho, p uongo, q uongo, jibu kweli tena. Hapo ndo mkono unapanda: "Ticha, inakuwaje kweli wakati ilikoanzia ni uongo?"

Notsi nyingi zinajibu kwamba ndivyo ilivyokubaliwa, andika, endelea na zoezi. Silipendi hilo jibu hata kidogo. Linamfundisha mtoto kwamba lojiki ni amri ya watu fulani wasiojulikana, wakati sababu ipo na mtoto wa miaka kumi na saba anaiona vizuri kabisa ukimpa nafasi.

Wengi tunaanzia kwenye ahadi. Mama anamwambia kijana wake, "Ukipata divisheni wani, nakununulia laptopu." Matokeo yanatoka, kijana ana divisheni tuu, mama anamhurumia, laptopu inanunuliwa vilevile. Je mama kavunja ahadi? Hapana, katoa zaidi ya alichoahidi. Au divisheni tuu na laptopu hamna, kavunja? Hapana pia, sharti halikutimia. Kuna tukio moja tu linalomfanya mama aonekane muongo mbele ya mtoto, nalo ni divisheni wani imekuja na laptopu haijaja. Huo ndo mstari wa pili, na ndo maana ni wenyewe tu uliopewa "uongo" kwenye jedwali zima.

Lakini mwanafunzi mkali haridhiki hapo, na ana haki. Atasema sawa ticha, hajavunja ahadi, ila kutovunja ahadi na kusema kweli ni kitu kimoja? Ni swali zuri sana hilo na ahadi peke yake hailimalizi. Kwa hiyo nahamia kwenye namba, na mi naamini hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya topiki hii.

Chukua hii: "Ikiwa namba nzima inagawanyika kwa 4, basi ni shufwa." Waulize darasa zima, hii ni kweli? Wote watasema kweli, hamna atakayesita. Kweli kwa namba zote? Ndio, zote. Haya, kama ni kweli kwa zote basi ni kweli kwa 8, kwa 6 na kwa 7, si ndio. Weka 8: inagawanyika kwa 4, ni shufwa, kweli na kweli. Weka 6: haigawanyiki kwa 4, lakini ni shufwa, yaani uongo halafu kweli, mstari wetu wa tatu huo hapo. Weka 7: haigawanyiki, wala sio shufwa, uongo na uongo, mstari wa nne. Sasa ukiamua kwamba mstari wa tatu utoe "uongo", maana yake 6 imeivunja kanuni, na wewe mwenyewe sasa hivi umesema kanuni ni kweli kwa namba zote. 6 haijavunja kitu. Imekaa tu pembeni, kanuni haiihusu. Kinachoweza kuvunja ni namba inayogawanyika kwa 4 halafu ikawa witiri, na hiyo haipo, tafuta mpaka kesho. Kumbe jedwali halikuletwa na mtu kutoka juu, ndo tulichokuwa tunaamini siku zote tukisema "kila", limeandikwa tu wazi wazi. Ukimwona mtoto uso unafunguka pale aisee ni raha.

Na wasidhani ni wao wa kwanza kusumbuka. Ugomvi huu una kama miaka 2,300. Kule Ugiriki ya kale alikuwepo mwanafalsafa Diodorus Cronus na mwanafunzi wake Philo wa Megara, na mwanafunzi hakukubaliana na mwalimu wake. Philo alisema kauli ya "ikiwa" ni kweli isipokuwa pale inapoanza na kweli ikaishia kwenye uongo, yaani jedwali letu lile lile la leo, miaka elfu mbili na ushee kabla halijawa jedwali. Diodorus akasema hiyo haitoshi, lazima isiwezekane, si sasa wala zamani, mwanzo kuwa kweli na mwisho kuwa uongo. Mfano waliokuwa wanaugombania ni "ikiwa ni mchana, mimi naongea". Kwa Philo, kama sasa ni mchana na kweli naongea, kauli ni kweli, imeisha. Kwa Diodorus hapana, kwa sababu kulishawahi kuwa mchana na mimi nimekaa kimya. Habari hizi zimetufikia kupitia mwandishi Sextus Empiricus, na yeye ndo anamnukuu mshairi Callimachus kwamba mpaka kunguru juu ya mapaa walikuwa wanalia kuhusu kauli zipi za namna hiyo ni za kweli. Mwalimu akiniambia wanafunzi wake wanabishana sana kwenye hii topiki namwambia hongera.

Kwa hesabu Philo ameshinda. Kwa maongezi ya kila siku mi naona Diodorus alikuwa ameshika kitu, maana watu tukisema "ukifanya hivi itakuwa hivi" huwa tunataka kuwe na uhusiano kati ya hivi na hivi, sio bahati tu kwamba vyote viwili vimetokea. Ila hilo liwe la siku nyingine.

Kitu kinachonigusa zaidi, na ndo kimenifanya nikae niandike yote haya, ni ule mshale wa pili ambao hatukupewa na bado tunauchukua. Lojiki inaandika "ikiwa p basi q" kwa mshale unaotoka p kwenda q. Ni kama njia ya wani-wei, unapita upande mmoja, ukirudi nao umevunja sheria. Lakini masikio yetu yakisikia wani-wei yanajenga dabo-rodi hapo hapo bila mtu kuombwa. Rudi kwa mama na laptopu. Kijana kasikia nini? Kasikia "na usipopata, hupati." Mama hakulisema hilo. Wataalamu wawili wa lugha Wamarekani, Michael Geis na Arnold Zwicky, waliliandikia jambo hili mwaka 1971, wakaonyesha kwamba kauli ya masharti kwenye maongezi humkaribisha msikilizaji aongeze upande wa pili mwenyewe. Na kwenye ahadi na vitisho ni haki kabisa kuongeza, mama naye pengine alitaka isikike hivyo, ingekuwa laptopu inakuja kwa vyovyote vile asingetaja divisheni. Simlaumu mtu kwa hilo. Tatizo ni kwamba tabia hii hatuiachi mlangoni tukiingia sehemu ambayo mshale wa pili haupo.

Ngoja niweke majina yake hapa ili tusichanganyane huko mbele. "Ikiwa uko Moshi, basi uko Tanzania." Kweli. Igeuze mbele nyuma, "Ikiwa uko Tanzania, basi uko Moshi", hiyo ndo konvesi, ni uongo, mtu wa Mbeya atakushangaa. Ikanushe pande zote mbili bila kugeuza, "Ikiwa hauko Moshi, basi hauko Tanzania", hiyo ni invesi, uongo pia. Igeuze na uikanushe kwa pamoja, "Ikiwa hauko Tanzania, basi hauko Moshi", hiyo ni kontrapositivu, na ni kweli. Kauli ya mwanzo na kontrapositivu yake zinasimama pamoja na kuanguka pamoja siku zote, sio kwa Moshi tu. Sababu ni ile ile ya mstari wa pili: kinachovunja ya kwanza ni p kweli na q uongo, na ukitafuta kinachovunja kontrapositivu unakuta ni hicho hicho, q uongo na p kweli. Konvesi na invesi nazo ni pacha namna hiyo. Lakini kati ya pacha hawa na pacha wale hamna daraja la bure.

Kuna jaribio ninalipenda sana kuliweka mezani, la mwanasaikolojia wa Uingereza Peter Wason, mwaka 1966. Kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: ikiwa upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Zipi unalazimika kuzigeuza kujua kama kanuni inafuatwa? Tulia kwanza ujibu mwenyewe kabla hujashuka chini.

Wengi wanachagua A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. A lazima, kwa sababu nyuma yake pakiwa na witiri kanuni imekufa. 7 lazima, kwa sababu nyuma yake pakiwa na irabu kanuni imekufa vilevile, hiyo ndo kontrapositivu. Na 4? Geuza ukute irabu, sawa. Geuza ukute konsonanti, sawa pia, kanuni haijasema namba shufwa ni mali ya irabu peke yake. Anayeigeuza 4 ni mtu anayeukagua mshale wa pili ambao haujaandikwa popote. Kwenye majaribio ya Wason waliopatia walikuwa chini ya mmoja katika kumi, na hao walikuwa watu wasomi.

Sasa badilisha kadi tu. Upo baa, mwenye baa anakwambia sheria ni hii: ikiwa mtu anakunywa bia, basi awe na miaka 18 au zaidi. Mezani kuna anayekunywa bia, anayekunywa soda, mwenye miaka 40 na mwenye miaka 16. Unakagua nani? Hata aliyefeli kadi anajibu bila kufikiri: huyo wa bia umri wake, na huyo wa miaka 16 kinywaji chake. Mzee wa miaka 40 anamhusu nani, anywe anachotaka. Ni swali lile lile kabisa, herufi kwa herufi. Richard Griggs na James Cox walilifanya hivi kule Florida mwaka 1982, ila kule kwao kwenye jaribio umri ulikuwa 19, na karibu robo tatu ya watu walipatia. Wanasaikolojia wamebishana miaka mingi kwanini tofauti inakuwa kubwa hivyo, wengine wakasema akili zetu zimezoea kumkamata anayekiuka makubaliano, wengine wakasema tumezoea mambo ya ruhusa na masharti yake. Mi kama mwalimu nachukua kimoja tu hapo, kwamba mwanafunzi aliyefeli kadi anayo lojiki tayari, inaamka akipewa mtu wa kumkagua. Kwa hiyo nikimwona amekwama kwenye p na q namwuliza swali moja, "Hapa anayeweza kuvunja sheria ni nani?" Na mara nyingi anatoka mwenyewe.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mshale wa pili wa bure unaumiza watu kweli kweli. Malaria iliyokukamata mpaka ukalazwa huja na homa, hilo linajulikana na kila bibi. Ikiwa malaria, basi homa. Geuza: ikiwa homa, basi malaria. Tumeishi na hiyo konvesi vizazi na vizazi, mtoto akichemka tu usiku neno la kwanza ni malaria, dawa inatafutwa dukani asubuhi. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Moshi, 2007 mpaka 2008, kwenye hospitali mbili za mji huu, ukachapishwa 2013. Walichukua wagonjwa 870 waliolazwa na homa, watoto na watu wazima. Walioandikiwa malaria wakati wa kulazwa walikuwa 528, yaani asilimia 60.7. Walipopimwa kwa umakini, ambao kweli homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14. Kumi na wanne tu, asilimia 1.6. Wengine walikuwa na brusela, homa ya mgunda, homa ya Q, homa zinazoletwa na kupe, chikungunya, maambukizi ya bakteria kwenye damu, magonjwa ambayo yana dawa zake nyingine kabisa au yanataka uangalizi mwingine.

Nikisoma zile namba naumia, lakini sioni ujinga wa mtu hapo. Kurudi kutoka kwenye dalili kwenda kwenye chanzo ni kazi ya kila siku ya daktari, hana njia nyingine ya kuanzia, na mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce aliipa kabisa nafasi yake kama aina ya tatu ya kufikiri, ukisie chanzo kinachoelezea unachokiona halafu ukakipime. Kisio kinakuwa kizuri pale vyanzo vingine vikiwa adimu. Ukanda wetu huu wa mlimani mbu wa malaria hawajajaa kama huko tambarare za joto, vyanzo vingine vya homa viko vingi, kwa hiyo konvesi inayoweza kusaidia sehemu nyingine hapa inakuangusha. Ndo maana ile kauli ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010, kwamba kila anayehisiwa ana malaria apimwe kwanza kabla ya dawa, mi naiona ni kauli ya lojiki kabisa. Angalia kipimo kinavyofanya kazi: ikiwa malaria ndo inayokuumiza, basi vimelea vipo kwenye damu. Kontrapositivu: ikiwa vimelea havipo, basi malaria siyo inayokuumiza, tafuta kingine. Kipimo kikiwa kizuri, huo mshale unaruhusiwa kuutembea. Yule daktari anayeangalia majibu, hamna vimelea, akasema "mama, hii sio malaria, tuendelee kutafuta" ametumia lojiki safi kuliko mtu yeyote aliyejaza jedwali kwenye mtihani.

Kuna lugha nyingine ya mambo haya haya inayosaidia sana, ya sharti la lazima na sharti linalotosha. Kwenye "ikiwa p basi q", p inatosha kuleta q, na q ni lazima kwa p. Katiba yetu inataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Ni lazima, ila haitoshi, ingetosha kila mzee wa mtaani angekuwa mgombea. Kalenda nayo. Tulifundishwa shule ya msingi kwamba mwaka mrefu unagawanyika kwa 4, na ni kweli, kila mwaka mrefu unagawanyika kwa 4. Wengi tukaondoka na konvesi, kwamba kila unaogawanyika kwa 4 ni mrefu. Lakini tangu Papa Gregori wa 13 arekebishe kalenda mwaka 1582, miaka inayogawanyika kwa 100 haihesabiki mpaka igawanyike na 400 pia. 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, 2100 hautakuwa. Na usidhani ni jambo dogo, programu ya zamani ya mahesabu, Lotus 1-2-3, iliuchukua 1900 kama mwaka mrefu, Excel ilipokuja ikaiga ili mafaili yaendane, na mpaka leo ukiifungua Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900. Siku ambayo haikuwahi kuwepo duniani imekaa kwenye kompyuta za maofisi kwa sababu gharama ya kuiondoa ni kubwa kuliko kuiacha.

Halafu kuna pale ambapo mishale iko miwili kweli. "p ikiwa na ikiwa tu q", inaandikwa kwa mshale wenye ncha pande zote, jedwali lake ni fupi kusimulia: ni kweli pale p na q zinapofanana, zote kweli au zote uongo, na ni uongo zikitofautiana. Namba inagawanyika kwa 3 ikiwa na ikiwa tu jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 3. Hiyo unaweza kuitembea kwenda na kurudi bila hofu. Kwa wanaosoma kuchora saketi, "ikiwa p basi q" inakuwa njia mbili sambamba, moja ya si-p na nyingine ya q, umeme upite yoyote. Na ya mishale miwili unayo nyumbani kama nyumba ina ngazi, swichi moja chini na nyingine juu, zile fundi umeme anaita tuwei. Taa inawaka swichi zote mbili zikiangalia upande mmoja, zikitofautiana inazima, haijalishi umeanza kubonyeza ya wapi. Fundi akizifunga kinyume taa itawaka zikitofautiana, na hiyo ni kanusho la kauli yetu, bado lojiki ni ile ile.

Ninachotaka mwanafunzi wangu ashike hapa ni kwamba mshale wa pili unalipiwa. Ukiambiwa thibitisha "ikiwa na ikiwa tu" umepewa kazi mbili na sio moja, na anayethibitisha upande mmoja akaweka kalamu chini amefanya nusu. Mara nyingi upande mmoja ni mwepesi na wa pili unataka ujanja. Thibitisha n ni witiri ikiwa na ikiwa tu n mara n ni witiri. Kwenda ni rahisi, n ni 2k + 1, zidisha, unapata 4kk + 4k + 1, witiri. Kurudi ukianza na "n mara n ni witiri" unakwama, huna pa kushika. Chukua kontrapositivu: ikiwa n ni shufwa basi n mara n ni shufwa, n ni 2k, zidisha, 4kk, kazi imekwisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye viwanja, na kwa namna Moshi inavyojengwa sasa hivi, Rau, Msaranga, Kiboriloni, hauchelewi kuuona. Fundi anaanza msingi, kapiga mambo (vile vijiti vya kufungia uzi), kavuta uzi, anataka kona ya nyumba iwe mraba, yaani digrii 90. Anapima mita 3 kwenye uzi mmoja, mita 4 kwenye uzi mwingine, halafu anavuta tepu kukatisha kati ya alama na alama. Ikisoma mita 5, kona ni mraba. Ukimwuliza mwanafunzi wa fomu foo hiyo ni nini atakujibu haraka, Pythagoras. Karibu apatie. Pythagoras inasema ikiwa kona ni mraba, basi upande mmoja mara wenyewe, jumlisha mwingine mara wenyewe, ni sawa na upande mrefu mara wenyewe. Inaanza na kona iliyo mraba tayari. Fundi hana kona iliyo mraba tayari, ndo anayoitafuta! Yeye anaanza na 3, 4 na 5, anataka kufika kwenye kona. Anatembea kinyume.

Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, kama mwaka 300 kabla ya Kristo, aliliona hilo. Kwenye kitabu cha kwanza cha kazi yake ya Elements, Pythagoras ni pendekezo la 47, halafu likafuata la 48, la mwisho kwenye kitabu hicho, nalo ni konvesi, limepewa namba yake na uthibitisho wake. Hakulichukua bure. Na hebu ona kila mshale unampa fundi nini. Ule wa 47, kwa kontrapositivu yake, unamruhusu kukataa: tepu ikisoma mita 4 na sentimita 96, kona sio mraba, sogeza mambo. Lakini 47 peke yake haimruhusu kukubali, haijasema popote kwamba ikisoma 5 basi kona ni nzuri. Ruhusa ya kukubali inatoka kwenye 48.

Na uthibitisho wa 48 ni mfupi na unapendeza sana, naufanya ubaoni kwa namba za fundi mwenyewe. Tuseme pembetatu ya fundi ina pande 3, 4 na 5 na kona yake hatuijui. Chora nyingine pembeni, hii ya kwako, uwe na uhakika kona yake ni mraba kwa sababu umeichora hivyo, na pande zinazoishika hiyo kona ni 3 na 4. Hii kona yake ni mraba, kwa hiyo 47 inaruhusiwa kufanya kazi: 9 jumlisha 16 ni 25, upande wake mrefu ni 5. Sasa una pembetatu mbili, ya fundi ni 3, 4, 5 na ya kwako ni 3, 4, 5. Pembetatu zenye pande tatu zilizolingana zinalingana na kona zake, Euclid alishalimaliza hilo kwenye pendekezo la 8. Kona ya kwako ni mraba, kwa hiyo ya fundi ni mraba. Mshale wa kurudi umejengwa kwa kutumia ule wa kwenda, na fundi anaweza kuanza kuchimba.